Nyumba nafuu ya mwanafunzi na tofali la kuchoma la Tabora

Karibu kila mradi wa wanafunzi wa usanifu majengo unaohusu makazi ya gharama nafuu una sentensi hii mahali fulani kwenye bango: nyumba hii ni nafuu kuliko nyumba ya kawaida. Mwalimu akiuliza swali moja tu, nyumba ipi hiyo ya kawaida, miradi mingi inarudi mezani.

Kwa mwanafunzi aliyezoea Dar es Salaam, nyumba ya kawaida ni ya tofali la saruji la inchi sita, lipu ndani na nje, dari juu na marumaru chini. Tabora ni vingine. Ukitoka mjini kuelekea Sikonge, Urambo au vijiji vya Uyui, nyumba ya kawaida ni ya tofali la kuchoma lililofyatuliwa hapohapo kijijini, likapangwa kwa tope badala ya saruji, juu likawekwa bati. Mwenye nyumba alifyatua baada ya mavuno, kuni alizifuata porini, tanuri akalijenga na majirani. Pesa taslimu iliyoingia kwenye ukuta ule ni ndogo sana. Nyumba hiyo ndiyo mshindani halisi wa mradi wa mwanafunzi, na mchoro usiopimwa dhidi yake haujapimwa.

Ugumu unaanzia hapo, maana maneno matatu yanayokaa pamoja kwenye kichwa cha kila mradi, yaani bora, nafuu na rafiki wa mazingira, kila moja linavuta upande wake. Tofali la kuchoma ni nafuu kwa familia kwa sababu mti haumo kwenye bei. Miti ileile ya miombo inayochomea matofali ndiyo inayokausha tumbaku kwenye mabani, ndiyo inayotundikwa mizinga ya nyuki. Hasara ya mti mmoja inagawanywa kwa wilaya nzima, faida ya tanuri moja inabaki kwa mwenye boma. Ukimwambia aache kuchoma bila kumpa kitu anachokiona kwenye nyumba yake mwenyewe, umemwomba alipe deni la watu wote peke yake.

Hesabu ya ukuta mmoja

Tuchukue nyumba ndogo ya vyumba viwili na sebule, mita 7.2 kwa mita 6 kwa nje. Vipimo hivyo havikuokotwa. Tofali la kufungamana linalohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Mita 7.2 ni matofali 24 kamili, mita 6 ni matofali 20. Mchoro wenye ukuta wa mita 7.1 unamlazimisha fundi akate tofali kwenye kila kozi, yaani kila mstari wa matofali, na tofali la udongo likikatwa kwa panga linapoteza meno yake ya kufungamania.

Kuta za nje na za ndani za nyumba hii zina jumla ya mita 34.8, kimo mita 2.7, yaani kozi 27. Ukitoa milango minne na madirisha matano, unabaki na mita za mraba 79 hivi. Kila mita ya mraba inakula matofali 33. Ongeza ya kuvunjika, andika 2,800. Tofali moja lina kilo nane na nusu hivi. Kwa kipimo cha saruji moja kwa udongo kumi na mbili, mfuko wa kilo 50 unatoa matofali yanayokaribia 70. Ukuta mzima: mifuko 40.

Sasa ukuta uleule kwa tofali la saruji la inchi sita. Matofali tisa kwa mita ya mraba, jumla kama 720; mfuko mmoja ukitoa 30, hiyo ni mifuko 24. Udongo wa kuungia wa mchanga na saruji unaongeza kama minane. Lipu ya milimita 12 pande zote mbili inaongeza 13. Jumla mifuko 45.

Tofauti ni mifuko mitano. Wanafunzi wengi hushtuka wakifika hapa, kwa sababu waliambiwa tofali la kufungamana linaokoa saruji. Linaokoa kweli, ila si ndani ya tofali. Linaokoa saruji ya katikati ya matofali, kwa kuwa kozi zinapangwa kavu, na saruji ya juu ya ukuta, kwa kuwa uso wake unapendeza bila lipu. Mwenye nyumba akitaka lipu ndani na nje kwa sababu jirani anayo, hesabu inafika mifuko 53 na akiba yote imeliwa, tena zaidi. Kwa hiyo swali la lipu liulizwe siku ya kwanza, kwa mama na baba wa nyumba, kabla ya penseli kugusa karatasi.

Na mbele ya tofali la kuchoma lililojengwa kwa tope, tofali la kufungamana linashindwa kwa pesa taslimu. Hilo liandikwe wazi kwenye mradi. Linakoshinda ni kwingine: ukuta wa tope unaliwa na mvua kwenye maungio, mchwa wanachimba njia zao kwenye maungio hayohayo, na kwenye tanuri matofali ya pembeni hutoka mabichi na kuyeyuka msimu wa kwanza. Mashine moja ya mkono yenye watu wanne au watano inatoa matofali 300 hadi 400 kwa siku. Siku nane au tisa, matofali ya ukuta wote yako kivulini, bila kumsubiri mwenye kuni.

Zipo njia za kupunguza pengo. Ya kwanza ni kutolipa ubora pale usipohitajika. Kozi tisa za chini, zinazorukiwa na matone ya mvua na kuguswa na unyevu, zipate kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Zilizobaki juu, zikilindwa na paa pana, zishuke hadi moja kwa kumi na sita, kama udongo unaruhusu. Mifuko kama sita inabaki. Ya pili ni kuacha tofali la kuchoma liwe la kuchoma, ila kubadilisha moto wake. Matofali yanachomeka kwa pumba za mpunga, na Tabora inalima mpunga, Igunga na Nzega hasa. Mradi wa mwanafunzi unaopanga tanuri vizuri, ukahesabu pumba kwa kila tofali elfu moja na kupima mangapi yametoka mabichi, una thamani kubwa kuliko ramani ya kumi na moja ya nyumba ya vyumba viwili.

Udongo kwanza

Matofali 2,800 yanahitaji kama tani 24 za udongo, tripu tatu hadi nne za lori. Udongo ukitoka mbali, unafuu umekwisha njiani. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuchimba shimo kwenye kiwanja chenyewe, kufagia sentimeta 30 za juu zenye mizizi na mboji, na kuutazama udongo wa chini. Shimo la choo litachimbwa hata hivyo. Linaweza kutoa robo au theluthi ya udongo wote.

Kipimo kinachofaa zaidi hakihitaji maabara. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimeta 60 kwa ndani, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta. Loanisha udongo uliochekechwa hadi uwe laini wa kukandika, ujaze, ushindilie kwa kijiti pembe zote, usawazishe juu. Uache juani siku tatu. Ukikauka unasinyaa na kukatika vipande. Visukume vyote upande mmoja wa kisanduku, kisha pima nafasi iliyobaki upande wa pili. Nafasi ikiwa chini ya milimita 15, saruji moja kwa udongo kumi na sita inatosha kwa mashine ya mkono. Kati ya 15 na 30, tumia kumi na nne. Kati ya 30 na 45, kumi na mbili. Ikizidi hapo usiongeze saruji. Ongeza mchanga, upime upya.

Udongo mweusi wa mbugani utafungua nafasi inayozidi sana milimita 45. Huo haufai kwa tofali, na haufai hata kubeba msingi wa kawaida, kwa sababu huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukiinua kona moja ya nyumba na kuishusha nyingine. Udongo wa kichuguu, ambao wafyatuaji wa Tabora wanaupenda kwa tofali la kuchoma, una mfinyanzi mwingi mno kwa mashine ya kushindilia. Uchanganye na mchanga, ndoo kwa ndoo, na kila mchanganyiko uingie kisandukuni.

Kosa linalofuata ni maji. Chukua gao la mchanganyiko, libane mkononi liwe donge, liachie lianguke kutoka usawa wa kifua kwenye sakafu ngumu. Likipasuka vipande vitatu au vinne, maji ni sawasawa. Likisambaratika kama unga, ni kavu, na tofali litakuwa na kingo zinazomomonyoka. Likibaki donge moja lililobonyea, maji yamezidi. Tofali litatoka zuri mashineni kisha litapinda likikauka. Kipimo hiki kirudiwe kila baada ya saa moja, maana jua la mwezi wa tisa Tabora linakausha lundo la udongo upande mmoja huku upande wa pili bado ni mbichi.

Mchanganyiko uliokwisha kupata maji utumike ndani ya dakika 45 hadi saa moja. Wanafunzi kumi wakisimama kwenye mashine moja hupenda kuchanganya mifuko miwili kwa mpigo ili waonekane wana kasi. Nusu ya saruji hiyo inakuwa imeanza kushika kabla ya kuingia kwenye kalibu, yaani umbo la kufyatulia, na matofali yake yanafanana na mengine hadi yaloweshwe. Changanya nusu mfuko. Matofali yakitoka yakae kivulini, yafunikwe kwa nailoni au nyasi, yamwagiwe asubuhi na jioni kwa siku saba, na yasijengewe kabla ya siku 28. Kupima: lichukue moja kutoka kila siku ya kazi, lilale majini usiku kucha, asubuhi liweke juu ya mawe mawili kama daraja na mtu mzima asimame katikati. Tofali linalokatika linaeleza siku yote ilivyokwenda.

Jambo moja zaidi kuhusu matofali haya, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Yanapangwa bila udongo wa kuungia, kwa hiyo hakuna cha kusahihishia kosa. Tofali likizidi kimo kwa milimita moja upande mmoja tu, baada ya kozi 27 ukuta umepanda karibu sentimeta tatu upande huo, na linta, boriti ya juu ya milango na madirisha, haikai. Kosa hilo linazaliwa kwenye kujaza kalibu: mkono mmoja unajaza sana, mwingine kidogo. Tumieni kopo lilelile, mtu yuleyule, siku nzima. Kozi ya kwanza ilazwe kwenye saruji, kwa kamba na pima maji, hata kama itachukua siku nzima peke yake. Matundu ya kozi hiyo yajazwe zege, kwani matofali mengi ya aina hii yana matundu mawili ya wima, na mchwa akiingia chini anapanda ndani ya ukuta bila kuonekana hadi akutwe kwenye kenchi.

Joto, mbu na paa

Bajeti nyingi za wanafunzi zinatumia kurasa tano kueleza ukuta na mistari mitatu kueleza paa. Ingefaa iwe kinyume. Paa la nyumba yetu, likikatwa sawa na ukuta kwa mwinamo wa nyuzi 15, lina mita za mraba 45. Likitoka nje kwa sentimeta 60 kila upande, linakuwa na 63. Sentimeta 60 zile zinazochorwa kwa mstari mmoja wa penseli zimeongeza asilimia 40 ya bati, papi na misumari. Na haziepukiki, kwa sababu ndizo zinazoulinda ukuta wa udongo na kuweka kivuli madirishani. Afadhali upunguze chumba kuliko kupunguza mwavuli huo.

Tabora iko nyuzi tano kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, wakati wa joto kali kabla ya mvua, jua la adhuhuri linasimama karibu wima juu ya bati. Ukuta hausaidii hapo. Ukuta una kazi nyingine na una hila yake: wa sentimeta 15 unapitisha joto polepole, baada ya saa nne au tano. Ukuta wa magharibi uliopigwa na jua saa tisa alasiri unalitoa joto hilo chumbani saa mbili usiku, watoto wanapolala. Kuta nene za matope na baraza kama za tembe la Kwihara, karibu na mji wa Tabora, alikokaa mpelelezi David Livingstone mwaka 1872, zilichelewesha joto zaidi. Tofali jembamba haliwezi kuigiza hilo. Suluhisho ni mpangilio: upande mrefu wa nyumba ulale mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na magharibi kukae stoo au ukuta usio na dirisha, wenye mwembe mbele yake.

Kwa bati lenyewe, mfano bora unatoka kwa mwanafunzi. Msanifu majengo Francis Kéré alibuni shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, Burkina Faso, akiwa bado anasoma Berlin. Ilikamilika mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004. Ukuta ni wa matofali ya udongo, dari ni ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi zilizochomelewa kwa nondo za kawaida. Bati linapata moto, upepo unapita chini yake, joto linaondoka kabla ya kushuka. Nyumba ya familia haiwezi kulipia dari ya matofali, lakini kanuni ni ileile: dari yoyote, hata ya mikeka au mabanzi, pamoja na matundu ya kutolea hewa kwenye pembetatu za ukuta.

Matundu hayo sasa yanaleta mbu. Mbu wa malaria huingia zaidi kupitia uwazi kati ya ukuta na paa. Ukiziba kwa tofali, umewazuia na umefungia joto. Watu wakipata joto hawalali ndani ya chandarua. Kwa hiyo uwazi uachwe, uwekwe wavu. Wavu wa plastiki uliopigiliwa kwa vijiti vya mbao huachia baada ya msimu mmoja, kwa sababu mbao mbichi hujipinda. Uwekwe kwenye fremu inayotoka kwa skrubu nne, ili usafishwe vumbi na ubadilishwe bila kumwita fundi. Mkoani Mtwara zimejengwa nyumba 110 za majaribio, za ghorofa moja juu, kuta nyepesi za wavu, ili kupima kama umbo la nyumba linapunguza magonjwa ya watoto. Kwa Tabora umbo lile zima si lazima, ila fikra ya kupandisha chumba cha kulala juu na kupitisha upepo inastahili kuchorwa.

Paa pia ni bomba la maji. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, paa hili linaweza kukusanya zaidi ya lita 40,000. Bango likiandika hivyo na kuishia hapo, linadanganya bila kukusudia. Familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku inamaliza tangi la lita 5,000 ndani ya siku 50, na kiangazi cha Tabora kinadumu kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi. Tangi lipangwe kama msaada wa kisima, na gata liwe na kipande cha kuyatupa maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Kabla ya kuondoka kwenye paa: mkanda wa zege juu ya ukuta wote, sentimeta 15 kwa 15, nondo nne za milimita 10. Kwa nyumba hii ni saruji mifuko mitano hivi na nondo 13. Waya wa kufungia kenchi uzikwe ndani ya mkanda huo kabla zege halijakauka. Upepo unaotangulia mvua za mwezi wa kumi na moja unalichukua paa lililopigiliwa misumari peke yake.

Nani analipwa

Bajeti ya wanafunzi huacha safu ya ufundi tupu, kwa kuwa wao wenyewe ndio walibeba matofali. Nyumba ya pili kijijini haitajengwa na wanafunzi. Rural Studio, programu ya wanafunzi wa usanifu ya Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani, iliyoanza mwaka 1993, ililiona hili ilipoanzisha mwaka 2005 mradi wa nyumba ya dola 20,000: bei hiyo ilitakiwa kubeba vifaa pamoja na ujira wa mkandarasi, na ilipangwa kutokana na kiasi ambacho mtu mwenye kipato kidogo angeweza kulipa kila mwezi. Mashindano ya Solar Decathlon ya Marekani, ambamo vyuo hujenga nyumba zinazotumia nishati ya jua, yalianza mwaka 2002, lakini alama za bei nafuu zilikuja mwaka 2011. Miaka tisa vyuo vilishindania jua bila kuulizwa gharama.

Mkulima wa tumbaku wa Tabora hawezi kulipa mkopo kila mwezi. Pesa inakuja mara moja kwa mwaka, baada ya masoko. Nyumba inajengwa msimu kwa msimu. Mradi wenye maana unachora awamu: chumba kimoja na baraza vilivyoezekwa kabisa mwaka wa kwanza, meno ya matofali yakiachwa kwenye kona ya kuendelezea. Na bati linunuliwe kabla ya kupandisha ukuta. Boma la udongo lililosimama wazi mvua mbili ni boma la kuanza upya.

Wanafunzi wakimaliza, waache kwa mwenye nyumba kalibu ya kutengenezea fremu za wavu, kopo la kupimia udongo na karatasi yenye vipimo vya saruji kwa Kiswahili. Ufa ukitokea kwenye kona ya dirisha, wachore mstari wa penseli kila upande wake, waandike umbali kwa milimita na tarehe ukutani. Mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekatika, warudi na rula ileile.